Supu ya Nanasi Niliyoifuata Hadi Lingeka

Tangu nirudi, kila anayeleta kitambaa hapa kibarazani kwangu anauliza swali lilelile: nilikwenda wapi siku zile, nikarudi na deli tupu la barafu na uso wa mtu aliyelia? Nimechoka kusimulia vipande vipande huku mguu uko kwenye cherehani na nusu ya habari inapotelea kwenye mlio wa mashine. Nimeandika yote hapa. Someni, kisha mpeane.

Kwa kifupi, niliifuata supu. Na katika kuifuata huko nusura nimvunjie heshima mtu mzima mbele ya watu waliokuja kumposa binti yake, mtu ambaye hakuwa amenikosea chochote. Mwenyewe ameniruhusu kusimulia, tena alicheka aliponiruhusu, kwa hiyo msinitazame vibaya.

Bariadi

Mnajua kwamba niliishi Dar es Salaam miaka mitatu kabla sijarudi kufungua kibanda hiki. Karibu na pale nilipokuwa nashona palikuwa na mgahawa wa mama mmoja wa Kivietinamu, tukimwita Mama Hoa. Nilimshonea vitambaa vya meza, aproni na makoti meupe ya mpishi. Kila Ijumaa mchana nikipeleka kazi, alinikalisha kwenye meza ya karibu na mlango, akagonga kidirisha cha jikoni mara mbili, na bakuli likatoka.

Ndani ya bakuli mlikuwa na samaki, nyanya, bamia na vipande vya nanasi. Najua mnacheka hapo kwenye nanasi. Mchuzi wake ulikuwa mwembamba na mchachu, ule uchachu unaokufanya ufumbe jicho moja, halafu utamu unakuja nyuma yake polepole. Juu walinyunyiza kitunguu saumu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya dhahabu. Nilikuwa peke yangu mjini, sina ndugu, ninalala kwenye chumba cha dirisha moja, lakini kila Ijumaa kwa nusu saa nilikuwa na furaha kamili. Siku hizi sijui kama kuna nusu saa yoyote ninayoweza kuisema hivyo.

Mpishi sikuwahi kumwona. Nilikuwa naona mikono tu pale kidirishani, hadi kwenye vifundo, ndani ya mikono ya koti niliyoishona mwenyewe. Vipimo Mama Hoa aliniletea kwenye karatasi, na mikono ilikuwa mirefu kiasi kwamba niliuliza mara mbili kama hakukosea. Nikajua ni mtu wa kwao, labda kaka yake. Chakula cha Vietnam nani mwingine atakipika?

Nilivyorudi huku nilimsimulia mume wangu. Akasema nimeota. Mwaka wa kwanza nilibisha. Mwaka wa tano nilibisha kidogo. Miaka kumi na mmoja baadaye nilikuwa nimeanza kumwamini, maana mnanijua mimi na kuota macho wazi. Mama Sayi hajasahau gauni lake lenye mikono miwili ya kushoto. Na ikiwa supu niliiota, basi zile Ijumaa zote huenda niliziota vilevile, na hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Halafu kwenye harusi moja nikakutana na Neema, aliyekuwa akihudumia meza pale kwa Mama Hoa. Sasa ana nyumba ya wageni Lamadi. Nilimshika mkono kabla sijamsalimia. Nikamuuliza, "Supu ya nanasi ilikuwepo?" Akasema, "Ilikuwepo, dada. Njoo Lamadi nikupikie." Wiki iliyofuata nikafunga kibanda.

"Unakwenda kula tu?" mume wangu aliuliza.

"Nakwenda kula tu," nikamjibu.

Bariadi hadi Lamadi

Njia hii mnaijua, ni ya lami na haina maajabu. Lakini asubuhi ile kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya mashamba, na pamba ilikuwa imefunguka pande zote mbili, hivi kwamba weupe wa chini na weupe wa juu ulikutana na mimi nikawa sijui basi linapita wapi. Niliegemea kioo. Nilikuwa naona bakuli.

Dutwa tukasimama muda mrefu kumsubiri abiria aliyekwenda kumfuata mwenziwe, na mwenziwe naye alipokuja akakumbuka kuna kitu amesahau. Hakuna aliyelalamika. Bibi niliyekaa naye alifungua kitambaa chake akanipa michembe na karanga za kuchemsha, tukawa tunatafuna viazi vile vikavu taratibu kama watu wasio na pa kwenda.

"Unakwenda wapi, ng'wanone?" aliniuliza kama mtu na mwanawe.

"Lamadi, bibi. Nakwenda kunywa supu."

Akanitazama tumboni. "Miezi mingapi?"

Nikamwambia nina miaka arobaini na sita. Akasema haidhuru, dada yake alizaa akiwa na umri huo. Nikajaribu kumweleza habari za mgahawa, za Wavietinamu, za nanasi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nina mimba, na aliposhuka aliniwekea michembe yote iliyobaki mapajani akasema nile, mimba isiharibike kwa ajili ya aibu.

Lamadi

Lamadi unaanza kuinusa kabla hujaiona. Malori, vumbi, moshi wa samaki, kisha upepo wa ziwa unapita katikati na kuvifuta vyote kwa dakika moja. Neema alinipokea vizuri sana. Jikoni kwake alikuwa ameshaanza: sato wakubwa, nanasi zuri, nyanya. Nikakaa mezani, nikanyoosha kitambaa kwa viganja vyote viwili kama nilivyokuwa nikifanya zamani.

Bakuli likaja. Nikanywa.

Ulikuwa mchuzi wa samaki mtamu wenye tui la nazi, na ndani yake limeingia nanasi. Niliendelea kunywa kwa adabu. Neema alikuwa amesimama mbele yangu ameshika mikono, na kadiri nilivyosema "ehee, ehee" ndivyo uso wake ulivyozidi kushuka.

"Siyo yenyewe," alisema.

"Ni tamu."

"Siyo yenyewe, dada. Mimi nilikuwa nabeba bakuli tu. Ya jikoni alikuwa anayajua Shefu, na Shefu hakuwa anapenda watu jikoni." Akavuta kiti akakaa. "Sasa si umtafute mwenyewe? Yuko hukuhuku kwetu Simiyu."

Nikadhani anatania. "Mvietinamu yuko Simiyu?"

"Mvietinamu gani? Masunga. Msukuma wa Meatu, mrefu, mikono mpaka magotini. Mama Hoa alimfundisha mwenyewe tangu mgahawa haujawa na meza. Alipoufunga, Masunga akarudi kwao Lingeka. Kumbe hukujua?"

Sikujua. Miaka mitatu nilikula chakula cha mtu wa nyumbani, anayesalimia ninavyosalimia, akiwa upande wa pili wa ukuta, na mimi nikimshukuru kwa Kiingereza kupitia kidirisha. Yeye naye alinijibu kwa Kiingereza. Nilicheka mpaka Neema akaleta maji. Baada ya kucheka nikasikia huzuni, maana nilikumbuka nilivyokuwa mpweke mjini kule hali ningeweza kumsalimia kwa lugha yetu, "mhola?", mara moja tu.

Namba ya simu aliyokuwa nayo Neema haikupatikana. Kulipokucha nilikwenda naye kwa wavuvi, nikachagua sato wawili ambao bado walikuwa wakitikisa mikia, Neema akaniazima deli lake la barafu, na nikapanda basi la kurudi.

Lamadi hadi Kisesa

Hapa ndipo mlipolalamika kwamba nilionekana stendi ya Bariadi nikajificha. Ni kweli. Nilikuwa na samaki kwenye barafu, nisingeweza kusimama kupima mtu kiuno. Nilijifunika kanga usoni, nikanunua nanasi, bamia, nyanya, kotimiri na vitunguu saumu, nikaingia kwenye gari la Kisesa ya Meatu, njia ya Lingeka, kama mwizi. Mama Sayi alipita hatua mbili kutoka dirishani kwangu akibishana na muuza mkaa. Kumwona mtu unayemjua hali yeye hakuoni kunatia usingizi wa ajabu. Nilihisi kama nimekwisha kuondoka duniani na mambo yanaendelea vizuri tu.

Barabara ya Kisesa ni ya vumbi. Pamba iliyodondoka kutoka kwenye malori ilikuwa imenasa kwenye miiba ya pembeni kilomita nzima nzima, na vumbi likiinuka ile pamba ilikuwa inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea. Nililala nikaamka, nikalala. Kila nikiamka nilipapasa deli kuona kama bado lina baridi.

Kisesa

Kisesa niliingia kwenye mgahawa mdogo kunywa chai wakati natafuta bodaboda. Kwenye benchi la pili walikuwepo wazee wanne, wamevaa makoti mazito juu ya mashuka, fimbo zimeegemezwa ukutani kwa mpangilio. Mkubwa wao alikuwa na ndevu nyeupe na sauti ya chini. Nikapiga goti kidogo, nikasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Tukaulizana nyumba, watoto, mvua, mifugo. Ndipo akauliza ninakwenda wapi na sanduku lile. Na mimi, kwa moyo mweupe kabisa, nikasema kwa sauti ambayo mgahawa mzima uliisikia: "Nakwenda Lingeka, bhabha, namtafuta mpishi mmoja anaitwa Masunga. Alikuwa anapika kwenye mgahawa wa Wavietinamu Dar es Salaam. Hakuna aliyekuwa anamfikia kwa supu."

Wazee wakatazamana. Yule mwenye ndevu akaweka kikombe chini. "Mpishi," alisema. Halikuwa swali.

"Mpishi, bhabha. Mrefu hivi, mikono mirefu."

Wakaniaga kwa heshima, wakachukua fimbo zao, wakaondoka kwenye pikipiki mbili. Mimi nikamalizia chai yangu.

Ninyi mnaoishi mjini mnaweza msione kosa liko wapi. Lakini mmezaliwa huku, mnajua. Kwa watu wa ng'ombe wa kule, mwanamume aliyeoa hasogelei mafiga. Akiwa na njaa anakohoa. Akiukuta moto unazimika anamwita mtoto. Wengine tumeshaacha mambo hayo, lakini kule bado nyumba inapimwa kwayo.

Kisesa hadi Lingeka

Mwenye bodaboda alikuwa mtu wa miaka kama hamsini na mitano, Jilala, mwenye koti la mvua siku ya jua. Nikamwambia ninamwendea nani.

"Masunga wa Lingeka namjua," alisema. "Yule alikuwa mkubwa wa ghala huko Dar. Watu wengi chini yake. Ana ng'ombe wazuri. Lakini mpishi? Mayu, yule hajui hata maji yanachemka vipi." Akacheka peke yake mwendo mrefu.

Nikamuuliza taratibu, "Anasema alikuwa mkubwa wa ghala?"

"Yeye mwenyewe, na kila mtu. Na leo ana shughuli, wakwe wanakuja kumposa Kabula, binti yake mkubwa. Wametoka Mwandoya. Mzee Luhende na nduguze. Mzee mkali yule, mambo ya zamani anayashika."

"Ana ndevu nyeupe?"

"Nyeupe kabisa. Umemwona?"

Nikamwambia aongeze mwendo. Akaongeza, na hapohapo gurudumu la nyuma likaisha upepo.

Sijui tulikaa pale muda gani. Jilala alitandaza vyombo vyake kwenye shuka, kimoja kimoja, kama daktari. Kundi la ng'ombe likapita katikati yetu, refu, halina haraka, na vumbi lao likawa la manjano na jua likawa ndani yake, na kwa muda sikumwona Jilala wala pikipiki wala njia. Nilisikia kengele tu. Nilikuwa nimesimama nimekumbatia deli na najiambia labda hii nayo naiota, labda nitaamka kwenye kibanda changu na Masunga atabaki na ghala lake. Nilitamani iwe hivyo. Nilikuwa na aibu kubwa, na nilikuwa bado naitaka ile supu, na vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa pamoja.

Lingeka

Tulipoingia kwenye uwanja wa Masunga wazee wanne walikuwa wameshakaa kwenye viti kivulini mwa nyumba. Pembeni yao alikaa mwanamume mrefu mwenye kofia, ameegemeza viwiko magotini, na vitanga vyake vilifika karibu na miguu. Nilimtambua kwa mikono ile kabla ya uso. Alikuwa ameniona kabla sijashuka.

Mzee Luhende alisema, "Masunga, huyu ndiye mama niliyekuambia. Anamtafuta mpishi."

Masunga hakutikisika. "Masunga tuko wengi," alisema. "Mama amepotea njia."

"Ndiyo," nikasema haraka. "Nimekosea, bhabha. Ni Masunga mwingine. Naona kabisa siye huyu."

Nilisema vizuri, lakini nadhani nilisema haraka mno. Luhende alinitazama, kisha akaitazama mikono ya mwenyeji wake. Jilala alikuwa ameshika kofia yake na hacheki tena. Wageni wale walikuwa hawajaanza mazungumzo ya posa, maana hayaanzi kabla ya kula, na hawakuja kumwona binti peke yake. Walikuja kuona nyumba aliyotoka ni nyumba ya namna gani, na baba yake ni mtu wa kauli au mtu wa maneno. Mimi nilikuwa nimeingia katikati ya hayo na sanduku la samaki.

Nikageuka niondoke. Mke wa Masunga akanizuia. Anaitwa Minza, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, na hakuwa amesikia maneno ya Kisesa. "Mgeni haondoki bila kula," alisema. "Na samaki hawa utawarudisha wapi, wakaoze njiani?"

"Wapikeni," alisema Luhende kutoka kwenye kiti chake. "Ipikeni hiyo supu aliyoifuata mbali hivyo. Tuione."

Basi nikaingia jiko la nje na Minza, mimi ambaye najua kuila tu. Nilimwambia ninachokumbuka: mchachu, mwembamba, nanasi, bamia, kitunguu saumu juu. Aliposikia nanasi alinitazama kama mlivyonitazama ninyi. Aliposikia uchachu alinyanyuka, akaleta bushishi, ule ukwaju tunaotia kwenye uji, akauloweka kwenye maji ya moto bila kuniuliza. Tulikata samaki. Tulikisia. Kupitia mlango wa jiko nilimwona Masunga ametupa mgongo, anaongea na wageni habari za malisho, lakini kila tulipotia kitu kwenye sufuria maneno yake yalikatika kidogo, halafu yakaendelea.

Tulipotia samaki mapema mno, akakohoa.

"Baba Kabula anataka maji," Minza akasema, akampelekea maji. Akayanywa.

Mwisho nikaweka mafuta kwenye kikaango nikatia kitunguu saumu. Moto wa kuni siujui tena, nimezoea mkaa. Kilikaangika vizuri, kikaanza kushika rangi, na nikakitazama. Ile rangi ya dhahabu ilikuwa inakuja, ileile ya Ijumaa, na harufu ikapanda, na mimi nikaondoka pale. Nilikuwa nimesimama Lingeka lakini nilikuwa kwenye meza ya karibu na mlango, ninasubiri kidirisha kigongwe. Sikuona kingo zinageuka kahawia.

Masunga aliona kwa pua. Sauti yake ilikatika katikati ya neno. Nikasikia kiti kinarudi nyuma, na kabla sijageuka kivuli chake kilikuwa kimejaza mlango wote.

"Nipishe, mayu," alisema.

Akaniondolea kikaango mkononi, akamwaga kitunguu kwenye sahani kisizidi kuungua, akakitandaza kwa ncha ya kisu. Akainama kwenye mafiga akavuta ukuni mmoja nyuma. Akaonja sufuria, akafumba macho. "Dagaa," alisema. Minza hakusogea. "Mama Kabula, dagaa kidogo, uziponde. Kule tulikuwa na chupa ya maji ya samaki wa chumvi, hapa dagaa zitafanya kazi." Akawatoa samaki, akaacha mchuzi uchemke, akatia bushishi zaidi, chumvi, sukari kidogo sana, nanasi, kisha nyanya, kisha bamia, kila kitu kwa wakati wake, akiwarudisha samaki mwisho kabisa kwa mikono yote miwili, taratibu, wasivunjike. Mikono ilikuwa haifikiri. Nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza ikiwa na mtu wake.

Wazee wanne waliweza kuona kila kitu kupitia mlango.

Akapakua mwenyewe. Akapeleka bakuli la kwanza kwa Luhende kwa mikono miwili, akasimama mbele yake bila kofia.

Mzee akanywa. Akafumba jicho moja. Akanywa tena, akala nanasi, akalitafuna kwa muda mrefu.

"Na ghala?" aliuliza.

"Hapakuwa na ghala, bhabha."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na minne. Jikoni."

Luhende akawaambia nduguze wachukue fimbo. Nilimwona Kabula kwenye mlango wa nyumba kubwa, kanga imebanwa mdomoni. Lakini mzee alikuwa anataka tu kuhamisha viti, jua lilikuwa limewafikia. Wakahamia upande wa pili wa uwanja, wakakaa, naye akanyoosha bakuli liongezwe. Mazungumzo ya posa waliyaanza mabakuli yakiwa bado yamejaa. Mimi sikuyasikia, ila nguo ya harusi ya Kabula ndiyo hiyo mnayoiona imening'inia hapa nyuma yangu, msiishike.

Nikapewa bakuli langu, nikakaa kwenye kizingiti cha jiko. Mliuliza kama ilikuwa yenyewe. Ilikuwa yenyewe. Uchachu ulikuja, jicho likafumba, utamu ukafuata polepole, na nikajua kwamba zile Ijumaa zilikuwepo, nilikuwa na miaka thelathini na mitano na nilikuwa na furaha, sikuota. Hapo ndipo nililia. Sikujificha.

Minza hakuwa amegusa lake. Alikuwa amesimama kando ya mafiga anamtazama mumewe, aliyerudi kuchukua mabakuli ya wengine.

"Mwaka wa ishirini na mbili huu nakupikia, Baba Kabula," alisema, bila kupaza sauti. "Hujawahi kusema hata chumvi imezidi. Kumbe ulikuwa unajua yote haya?"

Masunga akaweka upawa chini. "Hiki nilikuwa nauza," alisema. "Chako nilikuwa nakula."

Minza akanywa funda moja, akafikiri, akanywa la pili. Kisha akavuta kigoda cha mumewe kutoka pembeni, akakiweka mbali na moshi, akakaa juu yake na bakuli mapajani.

"Kesho asubuhi nitakohoa," alisema.

Masunga akaitikia kwa kichwa, mbele ya wakwe zake wote, na akaniuliza kama niongezewe.